Chifu, Choo Chake na Viza Yangu

Tangu nirudi Macalder juzi sijamaliza kikombe cha chai bila mtu kuniuliza, "Baba Atieno, ilikuwaje huko?" Mdomo umechoka. Nimemwomba binti yangu daftari moja la shule, naandika mara moja, msome mpeane. Niliachia darasa la tano, kwa hiyo anayetaka kucheka mwandiko acheke akiwa mbali nami. Mambo ya fomu, picha za paspoti na kutiwa vidole wino nitayaruka. Hayo mtu yeyote anaweza, mradi awe na subira na shati safi.

Mnajua nilivyotolewa kwenye shimo la dhahabu la Osiri baada ya kukaa chini ya udongo tangu asubuhi hadi alasiri. Tangu siku hiyo sishuki chini. Nilijifunza kuendesha mtambo wa kuchimba, tena juu ya ardhi ambapo jua linaniona. Sasa mwenye mtambo ameuhamishia kwao, na kazi iliyobaki hapa ni ya kushuka na kamba. Ndiyo maana barua ilipokuja kwamba machimbo ya mawe huko nchi ya baridi wanataka dereva wa mtambo, wengine mliona majuu, mimi niliona kiti. Kiti chenye kioo mbele na mawingu juu. Walisema watanishikia kiti hicho hadi mwisho wa mwezi. Nikikosa viza, ni mimi na kamba.

Nchi yenyewe siitaji. Wasije wakabadilisha nia.

Kizuizi kilikuwa kosa langu la kuendesha nikiwa mlevi, la miaka tisa iliyopita. Waliohusika nitawataja kwa majina. Wa kwanza ni Odongo, kaka yake Mama Atieno, yaani shemeji yangu mwenyewe.

Baba mkwe alikuwa amezikwa kwao, nje kidogo ya Homa Bay. Ikafika zamu ya tero buru, ile ya wanaume kukimbiza ng'ombe kwa mikuki, fimbo na kelele, kifo kiogope kitoke bomani. Mimi nilikuwa mkwe. Kazi ya mkwe ni kukaa alipoonyeshwa na kula alichopewa. Nilikaa, nikala. Odongo akaja na chupa ya soda ambayo ndani hakukuwa na soda. Akaja na nyingine. Halafu akatazama zizi, akatikisa kichwa.

"Shemeji, ng'ombe ni saba tu. Hii vumbi itatisha kifo gani? Washa trekta."

Trekta ilikuwa imeleta kuni na viti. Nikaiwasha. Na vumbi, jamani, lilikuwa zuri! Wazee walisema hawajaona lingine kama lile tangu wazaliwe. Ubaya wa vumbi zuri ni kwamba dereva naye haoni. Tulipita sokoni, tukaingia kambi ya chifu kwa nyuma, na nikaangusha choo cha Chifu Obiero. Chifu alikuwa ndani.

Alitoka mzima. Suruali ndiyo ilibaki.

Hakimu alinitoza faini, akafungia leseni yangu, akanituma nifyeke nyasi za hospitali. Nilifyeka zote. Pombe sijaonja tangu siku ile. Nilidhani mimi na serikali tumeachana kwa amani, kumbe nilipoomba cheti cha tabia njema, kosa likatokea pale katikati ya karatasi, limekaa kama mgeni rasmi. Ubalozi ukasema: lete maelezo ya kesi kutoka kortini.

Macalder hadi Homa Bay

Niliondoka alfajiri nikiwa na bahasha, leso na nyoyo ya Mama Atieno kwenye kopo, mahindi na maharagwe ya kutosha watu watatu. Migori nilikaa saa mbili na nusu kwa sababu gari la Homa Bay lilikuwa linatafuta abiria mmoja. Mmoja tu. Kila akipatikana mmoja, mwingine alikuwa ameshuka kununua kitu.

Niliingia hoteli ya Mzee Salim, ambaye amepika chai pale stendi miaka mingi kuliko stendi yenyewe. Odongo akanipigia simu nikiwa na mandazi mdomoni.

"Shemeji, nimefikiria. Wakikuuliza, sema trekta iliwaka yenyewe."

"Na ikajiendesha hadi kwa chifu?"

"Trekta ya zamani inaweza. Sema tu."

Mzee Salim alikuwa anasikiliza, maana Odongo huongea kama mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Akapangusa meza akasema, "Ndugu yangu, mwenye ushauri huo ni adui au ni shemeji?"

Nikamwambia ni shemeji. Akaniongezea chai, akakataa kuichukulia pesa.

Kortini

Karani wa faili alikuwa mama mmoja aliyetoka Ukambani, mpole, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alinitafutia faili hadi vumbi likampigisha chafya. Alipoipata hakunipa niende zangu. Aliisoma kwa sauti, mbele ya foleni nzima, ili tuhakikishe ni yenyewe.

"Mshtakiwa, akiwa mlevi, aliongoza kwa trekta kundi la wanaume wapatao hamsini wenye mikuki na fimbo, wakimfukuza mtu ambaye hadi leo hajakamatwa."

Mama aliyekuwa nyuma yangu akavuta mkoba wake karibu.

Karani akavaa miwani vizuri. "Baba, mlikuwa mnafukuza nani?"

"Kifo, madam."

"Kifo nani? Wa wapi?"

Mzee mmoja kwenye foleni akanisaidia. Alimweleza ile desturi mwanzo hadi mwisho, na alipofika kwenye ng'ombe akaanza kuonyesha kwa miguu jinsi wanavyokimbizwa. Askari wa korti akaja mbio akidhani kuna fujo. Ilibidi tuanze kueleza upya.

Karani alielewa, akasikitika kweli. "Lakini siwezi kubadilisha kilichoandikwa. Mzungu akisoma hii, atafikiri umeua mtu na maiti haijapatikana. Tafuta mlalamishi, akuandikie barua aeleze ilivyokuwa."

"Mlalamishi ni nani?"

Akaangalia faili. "Chifu Obiero. Mwenye choo."

Nilitoka nje na nakala yangu ya kesi, nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimepita kijiji cha wakwe mara kumi katika hiyo miaka tisa, na mara zote kumi nilizunguka kwa njia ya shamba ili nisikutane na huyo mzee. Lakini mwezi ulikuwa umebaki siku kumi na moja. Niliinuka nikapanda boda.

Kwa chifu

Chifu Obiero amestaafu. Khaki yake bado anaivaa, na imepigwa pasi hadi ikaweza kusimama bila yeye. Choo kipya kiko pembeni mwa nyumba, matofali na bati, mlango unatazama barabara. Alinionyesha hicho kabla ya salamu.

"Mlango uko huku makusudi," akasema. "Nikikaa naona anayekuja."

"Ni kizuri, Jaduong'," nikasema, nikimwita mzee kwa heshima ya kwetu.

"Cha kwanza kilikuwa kizuri zaidi."

Mke wake akatuletea uji. Nilieleza shida yangu huku nimeshika kibuyu kwa mikono miwili kama mtoto. Chifu hakunikatiza hata mara moja, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

"Nilijua utakuja," akasema mwishowe. "Sikujua itakuchukua miaka tisa. Barua nitaandika. Lakini barua yangu haisafiri peke yake."

"Itasafiri na mimi."

"Wewe nakujua unavyosafiri. Nitaenda nayo mimi."

Ndivyo nilivyopata mwenzangu wa safari. Odongo, nakutaja tena.

Homa Bay hadi Nairobi

Tulipanda basi la asubuhi. Chifu alikaa dirishani, khaki imenyooka, barua iko mfukoni imefungwa kwa kifungo. Kwenye mapaja alikuwa na kopo la ngege wa kukaanga, kwa sababu haamini samaki wa mahali pasipo na ziwa. Tulipofika Kisii alilifungua, akala mwili wa samaki akanipa kichwa.

"Kula. Kichwa ndicho kilikupotea."

Hilo ningevumilia. Shida ni kwamba Chifu ni mtu wa watu. Kila abiria aliyemsalimia aliulizwa, "Unamjua huyu?" Kisha akapewa habari ya choo. Rongo ilikuwa trekta moja. Kisii zikawa mbili. Kufika Bomet nilikuwa nimeendesha lori la mawe, na chifu aliruka dirishani akiwa ameshika faili za serikali. Choo cha shimo hakina dirisha, lakini nani angemuuliza?

Nyanya mmoja mwenye ndoo ya omena, dagaa wa ziwa letu, aliyeketi mbele yetu, aligeuka akanitazama taratibu, kutoka viatu hadi nywele.

"Kwa hivyo ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Na msiba ulikuwa wa baba mkwe?"

"Wa baba mkwe."

"Mama mkwe aliona?"

"Aliona, mama."

"Ayie!" Akafunika ndoo yake. Basi zima likaguna. Mnajua wenyewe, kwetu mkwe hata kukohoa mbele ya mama mkwe huomba ruhusa. Choo cha serikali walikuwa wamenisamehe. Hilo la mama mkwe hawakunisamehe hadi Narok.

Mbele kidogo ya Narok basi likazima. Dereva akashuka, akafungua injini, akaitazama kama mtu anayetazama mtihani. Mimi nikaona tatizo tangu nimesimama mlangoni: mkanda wa feni umekatika. Kwenye mtambo nimefunga mikanda kama hiyo mara ngapi? Nikashuka nikakunja mikono ya shati. Kondakta akanizuia.

"Mzee, wewe si ndiye yule wa trekta?"

"Mimi ni fundi pia."

"Hapana, hapana. Abiria hawataki."

Abiria kweli hawakutaka. Walisimama kando ya barabara wakijadiliana kuhusu mimi kama bunge. Nyanya wa omena ndiye aliyemaliza ubishi. Akanijia, akasimama kwenye ncha za vidole, akanyoosha pua.

"Pumua."

Nikapumua.

"Tena."

Nikapumua tena. Akafikiri. "Ni nyoyo tu. Na kichwa cha samaki."

Chifu akasema pua moja haitoshi kwa ushahidi. Akaja naye akanusa, muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Niliuona uso wake aliponyanyuka, na hadi leo nasema ulikuwa wa mtu aliyekosa kitu alichokuwa na hakika nacho.

"Hakuna," akasema kwa huzuni.

Nilifunga mkanda wa akiba uliokuwa chini ya kiti cha dereva siku zote bila yeye kujua. Tulipoteza saa nne hapo, na saa tatu zilikuwa za mjadala. Kutoka pale nyanya aliketi kando yangu. Alinipa ndizi mbili na kuniambia jinsi ya kumwomba mama mkwe msamaha: niende na kondoo, nisiseme neno, niondoke. Chifu alikula ngege wake wa mwisho akiwa ametazama nje.

Dirishani

Ubalozini Chifu hakuruhusiwa kuingia. Aliwaonyesha askari khaki yake na barua, wakachukua barua wakamwachia khaki. Nikamwacha ng'ambo ya barabara akinunua mahindi ya kuchemsha na kumlaumu muuzaji kwa chumvi.

Ndani kulikuwa na baridi kama tayari nimefika nchi yenyewe. Nikaitwa dirishani. Ng'ambo ya kioo alikuwa mama mzungu mwenye nywele fupi, na kando yake kijana wa Pwani, mkalimani, Kiswahili chake kimenyooka hadi nikaona aibu na changu.

"Afisa anasema imeandikwa kwamba mlikuwa mkimfukuza mtu. Je, mlimpata?"

"Hapana. Huyo hapatikani. Yeye ndiye huwapata watu."

Mkalimani akanitazama. "Samahani, mzee. Hilo nilifasiri vipi?"

Nikaeleza msiba, ng'ombe saba, upungufu wa vumbi. Nilieleza vizuri, nadhani, maana afisa aliacha kalamu akasikiliza. Kisha akauliza jambo fupi.

"Anauliza, kifo kiliondoka?"

"Kiliondoka. Kilirudi Desemba."

Yule mama alifunika mdomo kwa karatasi kidogo. Kisha akawa ofisi tena. "Anauliza, kosa lilikuwa la nani?"

Hapo nilikuwa tayari miaka tisa. Nilianza na Odongo, chupa ya kwanza na ya pili. Nikamtaja mwenye trekta, aliyeacha ufunguo. Nikataja wazee waliosifu vumbi badala ya kunionya. Nikamtaja Chifu mwenyewe, kwa kujenga choo kwenye njia ya watu. Afisa alikuwa anaandika yote. Mkalimani akaniuliza jina la Odongo linaandikwa vipi, na nikamtajia herufi moja moja kwa furaha.

Afisa akaweka kalamu chini.

"Anauliza, usukani ulishikwa na nani?"

Kioo kile kilikuwa kinene, na ndani yake niliona sura yangu, mtu wa miaka hamsini na kitu, kola kubwa kuliko shingo. Nikakumbuka udongo wa Osiri ulivyokuwa mdomoni.

"Na mimi."

"Na pombe alikunywa nani?"

"Mimi."

Maneno hayo yalitoka kama jino. Mjue dirishani nilisema ni mimi kwa sababu niliulizwa hivyo. Hapa Macalder hakuna aliyeniuliza hivyo, kwa hiyo bado ni Odongo.

"Unakunywa bado?"

"Sinywi."

Afisa akasema kitu huku ameinua mabega, na sikuhitaji mkalimani. Kila mlevi husema hivyo. Akachukua barua ya Chifu, akaiangalia chini ambako Chifu alikuwa ameandika namba ya simu kubwa kuliko barua yenyewe, akapiga. Akaweka sauti ya nje.

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya Chifu, na mahindi mdomoni.

Mkalimani akajieleza kwa adabu zote za Pwani, mheshimiwa chifu, tunaomba radhi kukusumbua, je, umemsamehe mtu huyu?

"Mimi? Simsamehe! Choo kilikuwa na saruji!"

Nilifumba macho. Niliona kamba.

"Afisa anauliza kama mtu huyu bado ni mlevi."

Tulisikia pikipiki zikipita huko barabarani.

"Sikiliza, kijana," Chifu akasema. "Nina mpwa wangu Macalder, anaitwa Awino, anauza pale baa ya stendi. Kila Jumapili jioni nampigia. Namuuliza, 'Amekuja?' Ananiambia, 'Hajakuja.' Nina fundi wa pampu, Ouma, anafanya naye kazi. Huyo nampigia mwisho wa mwezi. Kwenye misiba ya wakwe zake natuma mtu akae karibu naye anuse kikombe. Juzi kwenye basi nimenusa mwenyewe. Miaka tisa natafuta kosa la huyu mtu nimrudishe kortini. Miaka tisa! Sijapata hata moja. Imeniudhi sana. Andika hivyo: imeniudhi sana."

Mkalimani alifasiri polepole, na mwishoni sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa kicheko. Yule mama hakucheka. Aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika, akaniambia kwa Kiswahili chake mwenyewe, kibaya kuliko changu, "Wewe nenda. Sisi tapiga simu."

Awino na Ouma, mmeshasikia. Nawataja. Chai yenu mtajilipia wenyewe.

Kurudi

Tulilala kwa mpwa mwingine wa Chifu, maana ana wapwa kila mahali, na baada ya siku nne simu ikalia. Paspoti ilikuwa kwenye bahasha. Sikuweza kuifungua. Chifu akaichukua, akavaa miwani, akapekua ukurasa mmoja mmoja kuanzia mbele, hata zile kurasa zisizo na kitu, kwa sababu kazi ya serikali haifanywi kwa haraka. Katikati akasimama.

"Wamegonga," akasema.

"Wamegonga nini, Jaduong'?"

"Viza. Kazi. Jina lako limeandikwa sawasawa, na Odongo hayumo."

Nilikaa chini kwenye lami, palepale. Mwezi ulikuwa umebaki siku tano.

Njia nzima ya kurudi Chifu hakumweleza mtu habari ya choo. Abiria walimsalimia, akawajibu, akatazama dirisha. Nilimnunulia samaki Kisii, akala, mwili akanigawia nusu. Nikajua hayuko sawa. Tulishuka Homa Bay, tukasimama kando ya barabara, kila mmoja akingoja mwenzake aage kwanza.

"Huko unakokwenda," akasema, "kuna baa?"

"Lazima zipo."

"Na sina mpwa huko."

"Hapana, Jaduong'."

"Sasa Jumapili nitampigia nani?"

Nilimtazama. Alikuwa anafunga na kufungua kile kifungo cha mfuko uliokuwa na barua. Nikamwambia anipigie mimi mwenyewe, namba ya huko nitamtumia, kwa sasa achukue hii.

"Na utasema ukweli?"

"Nitasema."

Akatoa simu, akaandika namba kwa kidole kimoja, akanipigia hapohapo tukiwa tumesimama na hatua moja tu kati yetu, ahakikishe inaingia. Simu yangu ikalia. Akanionyesha kwa kichwa nishike. Nikashika.

"Umekunywa?" akauliza.

"Sijanywa, Jaduong'."

Akakata.